Trei ya Pili

Ukitaka vipande vya oti na siagi ya karanga viwe laini, chunga asali isichemke. Ikichemka tu, hata kama ni povu moja pembeni mwa sufuria, ukiipoza inageuka pipi, na mteja anayeuma kipande chako atalikumbuka jino lake. Karanga alilijua hilo kuliko alivyolijua jina lake, maana jina lenyewe lilikuwa limeshasahaulika. Tangu alipoanza kukaanga na kusaga karanga jikoni kwa baba yake, mtaa mzima ulimwita Karanga, naye akaona kubishana na mtaa ni kazi ya bure.

Jumamosi ile asubuhi alikuwa mbele ya jiko, mwiko mkononi, akiiangalia asali ikilegea na kuchanganyika na siagi ya karanga kwenye moto mdogo. Alikuwa na oda ya vipande arobaini kutoka klabu ya mazoezi, na waliosema watakuja saa saba huwa wanakuja saa saba. Mezani kulikuwa na bakuli kubwa la oti, zile bapa za mkebe, na chumvi kidogo kwenye kisahani. Kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa yeye. Wiki tatu sasa alikuwa akipima oti mara mbili mbili, kwa sababu akifika kikombe cha pili anasahau kama ni cha pili au cha tatu.

"Hodi," mtu alisema kwenye mlango wa nyuma.

Aliijua sauti ile. Hakugeuka haraka, maana angegeuka haraka uso ungesema yote.

"Karibu," alisema kwa sufuria.

Fundi aliingia na ndoo yake ya zana. Mafundi vigae mjini ni wengi, lakini kwa Karanga neno hilo lilikuwa na mtu mmoja tu: mrefu, mpole, mwenye vumbi jeupe kwenye nyusi hata siku za sikukuu. Walikuwa wamependana miaka miwili. Ukuta wa nyuma ya jiko aliuanza yeye, vigae vyeupe vyenye ukingo wa kijani, zawadi yake kwa jiko la Karanga. Safu mbili za juu zilibaki wazi tangu siku ya ule mwaliko wa chakula kwa mama yake, wiki tatu nyuma.

"Nimekuja kumalizia," alisema. "Kazi ya watu haiachwi nusu."

"Leo?"

"Jumatatu nasafiri."

Karanga alizima jiko. Asali ilikuwa tayari, ingawa hata isingekuwa tayari angelizima.

"Kuna hoteli inajengwa," Fundi aliendelea, akikoroga gundi ya vigae ndooni. "Vyumba mia mbili na mabafu yake. Kazi ya miaka miwili, pengine na zaidi. Gari linaondoka Jumatatu saa mbili asubuhi. Nimewaambia nitawapa jibu kesho."

Akasubiri. Karanga alijua anasubiri nini. Alikuwa na maneno mengi ya kumwambia, na yote yalikuwa yamezibwa na neno moja ambalo hakuruhusiwa kulisema.

"Umeshakunywa chai?" akamuuliza.

"Nimekunywa."

Aliweka kigae cha kwanza. Karanga alimimina asali na siagi ya karanga juu ya oti, akaanza kuchanganya. Kwa muda jikoni hapakusikika kitu ila mwiko wake na mkwaruzo wa zana za Fundi. Mlango wa kwenda sebuleni ulikuwa umefungwa; nyuma yake baba yake alikuwa akisikiliza taarifa ya habari kwa sauti ya juu.

"Mama hataki kusikia habari za harusi," Fundi alisema, akiwa amempa mgongo. "Anasema mtu aliyewekewa chakula akakitazama kama karatasi ya mwanafunzi aliyefeli, huyo hawezi kuwa ndugu yake."

"Baba alikuwa ameshiba."

"Karanga. Amealikwa chakula cha mchana, saa saba, ameshiba? Alikula nini huku nyumbani, ng'ombe mzima?"

Siku nyingine wangelicheka. Karanga aliikumbuka siku ile sahani kwa sahani. Mama yake Fundi, ambaye wakubwa kwa wadogo humwita Mpishi kwa kuwa amepika hospitali miaka ishirini na sita, alikuwa ameoka kuku mzima, ngozi imekauka vizuri, viazi vimemzunguka sinia nzima. Mwalimu, baba yake Karanga, aliingia na koti na tai, akasalimia, akaketi. Akaongea. Aliongea juu ya hesabu za sehemu, juu ya watoto wa siku hizi na mwandiko wao, juu ya mvua. Kuku hakumgusa. Mpishi alimsogezea sahani mara tatu, na mara tatu Mwalimu aliweka mkono kifuani akasema, "Nashukuru, mama, nimeshiba." Mwishoni Mpishi aliichukua ile sahani mwenyewe, akaingia nayo jikoni, na hakutoka hadi wageni walipoondoka.

"Hata kiazi kimoja," Fundi alisema. "Hata angekigusa kwa uma tu, kumridhisha mtu. Kupika ndiyo heshima ya mama yangu. Hana nyingine anayoijali zaidi ya hiyo. Unalijua hilo."

"Nalijua."

"Basi nipe sababu. Moja tu nimpelekee. Hata kama ni ndogo, mimi nitaikuza njiani."

"Sina, Fundi."

"Unayo. Nakufahamu. Ukiwa huna kitu unaniangalia usoni."

Karanga aliendelea kuchanganya. Sababu alikuwa nayo, tena ilikuwa na umri wa miaka miwili. Mwalimu hakuwa na jino hata moja. Fizi zilimsumbua, daktari akang'oa, akang'oa, hadi hapakubaki la kung'oa, kisha akatengenezewa meno ya bandia, ya juu na ya chini, mazuri ya kupigia picha. Kuongea aliweza nayo. Kutafuna hakuweza, yalimbana na kumteleza, na chakula kigumu kikipita humo machozi yalimtoka. Kwa hiyo Mwalimu alikula chumbani kwake, mlango umefungwa, meno yako kwenye bilauri. Hata binti yake hakumwonyesha mdomo mtupu, aligeukia ukuta.

Mwenye kucheka angecheka, lakini Karanga alimwelewa. Mwalimu alikuwa amefundisha miaka thelathini na moja, kumi na miwili kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu, na nusu ya watu wa mji ule walijifunza kutamka kutoka kinywani mwake. Halafu kulikuwa na jambo jingine, alilomwambia siku ile ile ya kung'olewa, leso iko mdomoni. Zamani, katika chumba cha walimu, kulikuwa na mzee mmoja aliyeishiwa meno. Walimu wenzake walimwita Kibogoyo hadi siku aliyostaafu, na wanafunzi wakalidaka. "Jina lile nilimpa mimi," Mwalimu alimwambia binti yake. "Sasa niahidi. Mtu yeyote asijue. Hata shangazi yako." Na Karanga aliahidi, bila kujua kwamba ahadi ile ingekuja kumdai mchumba.

"Njoo unikandamizie hii trei," alimwambia Fundi. "Saa inakwenda."

Ilikuwa kweli saa inakwenda. Ilikuwa kweli pia kwamba alimtaka karibu, na anyamaze.

Fundi alinawa mikono hadi kwenye viwiko. Karanga alitandika karatasi ya kuokea kwenye trei, akamwaga mchanganyiko, akafunika kwa karatasi nyingine. Wakasimama bega kwa bega.

"Kwa kiganja," alimwelekeza. "Taratibu tu, zishikane."

Lakini mtu hukandamiza kama alivyozoea. Fundi alianza na kona nne, akaja kwenye kingo, akamalizia katikati kwa uzito wake wote wa juu. Kisha akainama, akafumba jicho moja, akautazama uso wa trei kutoka pembeni.

"Imelala sawa," alisema kwa kuridhika. "Hata ukimwaga maji hayatuami."

"Fundi, hii inaliwa. Haitembelewi."

Alimtazama, akaitazama trei, na wote wawili wakacheka. Kilikuwa kicheko chao cha kwanza katika wiki tatu, na kiliwashika vibaya kwa sababu wote walikuwa wamekitamani na hakuna aliyekitegemea. Chembe ya oti ilikuwa imeganda kwenye kifundo cha mkono wa Fundi. Karanga aliifuta kwa ncha ya kitambaa, taratibu kuliko chembe ile ilivyohitaji. Fundi hakuuondoa mkono. Macho yao yalikutana.

"Miaka miwili ni mingi," Fundi alisema kwa sauti ya chini.

"Najua."

"Sitaki kwenda."

"Najua, Fundi."

"Basi nisaidie nisiende."

Karanga alikikunja kile kitambaa mara mbili, akakikunjua. "Weka trei kwenye friji," alisema.

Hapo ndipo alipokosea. Saa nzima alikuwa akiulinda ulimi, akasahau kulilinda friji.

Fundi alilifungua, akainama kutafuta nafasi, akakaa ameinama. "Na hii?"

Nyuma ya jagi la maji kulikuwa na trei ndogo iliyofunikwa kwa kitambaa safi. Alishakiinua. Aligusa kwa ncha ya kidole, kidole kikazama.

"Mbona hii ni laini hivi?"

"Usiiguse."

Lilimtoka haraka mno. Fundi alisimama wima, akalifunga friji kwa uangalifu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mgonjwa.

"Ya nani?"

"Ya mteja."

"Yupi?"

"Wa kila Jumamosi."

"Ana jina huyo mteja wa kila Jumamosi?"

Karanga alianza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Miaka miwili nakuja humu jikoni, sijawahi kuiona."

"Hujawahi kufungua friji."

"Wengine wote unawawekea kwenye boksi, unaandika jina juu. Huyu unamfunika kwa kitambaa." Fundi alivuta pumzi. Hakupandisha sauti; hakuwa mtu wa kupandisha sauti, na Karanga angependa apandishe, ingekuwa rahisi zaidi. "Una mtu? Niambie tu. Kama baba yako alikikataa chakula cha mama yangu kwa sababu kuna sahani nyingine anayoitazamia, nieleweshe, niende zangu nikijua."

"Hakuna mtu."

"Basi kuna siri."

"Ndiyo," Karanga alisema, na safari hii alimwangalia usoni. "Kuna siri. Lakini si yangu, Fundi. Ingekuwa yangu ungekuwa nayo tangu siku ile ile."

Fundi akaanza kukusanya zana zake. Safu moja ya vigae ilikuwa imekamilika, moja bado.

"Utaimaliza lini?" Karanga aliuliza.

"Sijui."

Alishafika mlangoni. Karanga alipiga moyo konde, akalifungua friji, akaitoa trei ndogo. Kipande hakikuhitaji kisu. Alikata kwa kijiko. Akakizungushia karatasi, akamfuata, akakiweka kwenye kiganja chake.

"Mpelekee mama yako."

"Mama yangu? Karanga, sasa hivi ninakwambia kwamba mama yangu—"

"Mpe aonje. Yeye mwenyewe, asimgawie mtu. Usimwambie umekikuta wapi. Usimwambie habari za mteja. Mpe tu, na maji ya kunywa."

"Akiniuliza?"

"Mwambie hujui. Na kweli hujui."

Aliondoka akiisahau ndoo pale mlangoni, ameshika kile kipande kama mtu aliyepewa risiti ya kitu ambacho hakununua.

Karanga alirudi jikoni akakaa kwenye stuli. Mpishi hakuwa mpishi wa hivi hivi. Kila alfajiri, kwa miaka ishirini na sita, alikuwa akipanga sinia za wagonjwa kwa mafungu mawili, ya wanaotafuna na ya wasiotafuna. Karanga alijiambia kwamba aliahidi kutosema, hakuahidi kutogawa. Kisha akajionea aibu. Huo ulikuwa ujanja wa mtoto wa darasa la tatu, na alijua mwalimu ambaye angemsimamisha mbele kwa ajili yake.

Trei aliyoikandamiza Fundi ilipoganda, kisu kiliruka juu yake. Alichanganya nyingine upesi, akaikandamiza mwenyewe, na saa saba watu wa klabu wakaondoka na vipande vyao arobaini. Ile ya Fundi aliikata kwa kukigonga kisu mgongoni. Ilitoka miraba iliyonyooka, migumu, inayogongana kwa mlio.

Kisha akampelekea baba yake chakula. Kipande kutoka kwenye trei ndogo, kwenye kisahani, na kikombe cha maziwa ya uvuguvugu. Mwalimu alikuwa ameketi kitandani, meno bado yako mdomoni, akimsubiri atoke.

"Fundi ameondoka bila kuniaga," alisema.

"Ana haraka, Baba. Jumatatu anasafiri. Kazi ya miaka miwili."

"Miaka miwili? Na harusi?"

Karanga alinyoosha shuka ambalo lilikuwa limenyooka. "Itasubiri."

Mwalimu alimtazama kwa yale macho yake ya kusahihishia. "Na mama yake? Tangu twende kule kula hajatupigia hata simu."

"Wewe hukula, Baba."

Alikuwa amekusudia liwe neno jepesi. Mwalimu aliweka kisahani chini.

"Kwani waliona?" aliuliza.

Karanga alimsogezea kikombe cha maziwa.

"Niliongea sana," Mwalimu alisema. "Niliongea makusudi, bila kupumzika. Nilidhani hawakuona."

"Waliona kidogo," alimjibu, akatoka, akafunga mlango, akalia jikoni kwa dakika mbili akitazama ile safu moja iliyobaki. Alimhurumia baba yake, alimtamani Fundi, na hakujua amkasirikie nani kati yao.

Saa kumi jioni hodi ilipigwa, safari hii mlango wa mbele.

Alikuwa Mpishi. Alivaa nguo yake nzuri, mkoba ameubana kwapani, na nyuma yake alisimama Fundi, amenawa hadi nyusi, uso wa mtu aliyeambiwa "twende" bila maelezo. Mpishi aliushika mkono wa Karanga kumsalimia na hakuuachia.

"Oti umezisaga zote?" alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Zote, Mama. Kama unga."

"Na maziwa?"

"Kidogo. Ya moto."

"Siagi ya karanga umeichuja."

"Nimeichuja."

Mpishi alitikisa kichwa taratibu. Macho yake yalikuwa mekundu kidogo, ya mtu aliyejigombeza mwenyewe njia nzima. "Na mimi nikamwekea kuku wa kuoka," alisema, akaingia ndani.

Mwalimu alitoka chumbani na koti na tai. Fundi akamwamkia, akaitikiwa. Wakaketi, chai ikaja. Mwalimu alikuwa ameshafungua mdomo kuanza habari za mvua, Mpishi akamuwahi.

"Mwalimu, sitakaa sana. Nimekuja kuomba radhi. Siku ile mlipokuja kwangu, kuku wangu alikuwa mgumu. Nilimwacha kwenye moto kupita kiasi. Na viazi navyo havikuiva ndani. Mgeni mwenye adabu zake hawezi kumwambia mwenye nyumba kwamba chakula chake ni kibaya, kwa hiyo ukasema umeshiba. Mimi badala ya kushukuru nikanuna, nikawatesa na watoto. Naomba unisamehe."

Fundi alimgeukia mama yake. Alikuwa amemla kuku yule, sahani mbili, na nyama ilikuwa ikiachana na mfupa yenyewe.

"Mama, yule kuku—"

"Nyamaza, mwanangu."

Karanga alitazama sakafu. Alielewa kinachofanyika na hakuamini: mwanamke yule alikuwa ameichukua heshima yake pekee, akaiweka chini wakanyage, ili mzee mmoja asiaibike mbele ya watu wawili.

Mwalimu naye alielewa. Hakuwa mjinga, alikuwa na kiburi tu, na hivyo ni vitu viwili.

"Mama," alisema, "umepika miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Na katika miaka hiyo, umewahi kuharibu kuku?"

"Siku ile."

"Siku ile tu."

"Siku ile tu, Mwalimu."

Mwalimu aliangalia binti yake, akamwangalia Fundi. "Jumatatu," alisema. "Ndiyo sababu ya hiyo safari?"

Fundi akainamia kikombe chake. Mwalimu alingoja, kama alivyongoja miaka thelathini na moja mbele ya madarasa yaliyovunja madirisha, ambako sheria yake ilikuwa moja: asimame aliyevunja, asiadhibiwe mwingine.

Akasimama.

Alitoa leso mfukoni, akaikunjua juu ya meza, kando ya vikombe. Karanga alimtarajia ageukie ukuta. Hakugeuka. Aliingiza vidole mdomoni akatoa meno ya juu, akayaweka juu ya leso. Akatoa ya chini, akayaweka kando ya yale ya juu. Mashavu yakaingia ndani, kidevu kikapanda, na Mwalimu akazeeka miaka kumi mbele yao.

"Kuku wako hakuwa mgumu," alisema. Maneno yalitoka yamelowa, bila kingo, yeye aliyewafundisha watu kutamka. "Harufu yake naikumbuka hadi leo. Mimi ni kibogoyo."

Karanga alifunika mdomo kwa mkono. Fundi alimtazama Mwalimu, kisha akamtazama yeye, na Karanga aliona kila kitu kikimwingia kwa mpangilio, trei, kitambaa, mteja wa kila Jumamosi. Aliinamisha kichwa kwa aibu.

Mpishi hakumpa Mwalimu pole. Alimtazama kama anavyotazama sinia.

"Tangu lini?"

"Miaka miwili."

"Yanabana wapi?"

"Huku. Na ya chini yanateleza."

"Yanarekebishwa hayo. Hospitali tunaye mtu wa kazi hiyo, Jumanne nitakupeleka mwenyewe. Na ungeninong'oneza siku ile ningekuchambulia kuku wako. Nachambua kuku wa watu arobaini kila siku, Mwalimu, wewe ungekuwa wa arobaini na moja."

Mwalimu alikaa.

"Karanga," alisema. "Leta ile trei."

"Ipi, Baba?"

"Yangu."

Akaileta. Kwa mara ya kwanza tangu ianze kutengenezwa, trei ndogo ilipita mlango wa jikoni mchana kweupe, bila kitambaa. Aliiweka katikati ya meza. Mwalimu alichukua kipande, akala mbele za watu, taratibu, midomo ikifanya kazi yote. Mpishi akachukua cha kwake. Karanga akachukua cha kwake.

Kisha wakasikia kitu kinapasuka.

"Nani anatafuna mawe?" Mwalimu aliuliza.

Fundi alikuwa ameinuka kimya kimya, amekwenda jikoni, amerudi na mraba mmoja kutoka kwenye trei yake. Shavu limemvimba. "Ni mimi, Mwalimu," alisema. "Niliyakandamiza mwenyewe."

Mwalimu alicheka. Alicheka mdomo wazi, fizi zote nje, na hakuuinua mkono kujifunika. Karanga hakuwa amekisikia kicheko kile kwa miaka miwili, na alikuwa amesahau kwamba kina kwikwi mwishoni.

Baadaye, wazee walipokuwa wakibishana kama ndizi mbivu ingefaa kuongezwa, Karanga aliingia jikoni kuosha vikombe. Fundi alimfuata, akasimama nyuma yake.

"Lile swali langu la asubuhi," alisema. "Samahani."

"Swali lipi?"

"Kama una mtu."

"Nilikuwa naye. Umemwona."

Fundi alicheka kidogo, kisha akaacha. Alimshika mkono wenye povu la sabuni, akaukalisha ndani ya viganja vyake viwili, na Karanga akauacha humo. Walikaa hivyo, maji yakitiririka bombani, hadi Karanga akakumbuka kulifunga.

Fundi aliutazama ukuta. Akaiendea ndoo yake aliyoiacha pale mlangoni asubuhi, akachovya kidole ndani, akakitoa kikiwa kikavu.

"Gundi imeshakauka," alisema. "Hii safu haiwezekani leo. Nitakuja na nyingine Jumatatu."

Karanga alichukua kikombe, akakifuta ndani, akakifuta nje.

"Jumatatu saa ngapi?"

"Saa mbili," Fundi alisema. "Asubuhi."